Hasla ni nani, na nani anamtikisa?

Ukimuuliza msee wa mtaa anafanya kazi gani, mara nyingi hatakwambia ameajiriwa, wala hatakwambia hana kazi. Atakwambia, "Niko tu kwa hustle." Hakuna anayeuliza swali la pili, kwa sababu sote tunajua maana yake: kuna siku pesa inaingia, kuna siku haiingii, na rent haingoji. Mimi pia nalitumia hilo neno. Nahariri video za harusi, na nikiulizwa, jibu langu ni hilohilo.

Tumelifanya letu hadi likazaa watoto wa Kiswahili: hasla, mahasla, kuhasla. Lakini limetoka mbali, na ukifuata njia yake utaona kuna kitu linatuficha.

Waingereza walilipata kwa Waholanzi katika karne ya 17. Kwa Kiholanzi, "hutselen" ni kutikisa. Uingereza kulikuwa na mchezo wa kamari ulioitwa "hustle-cap": sarafu zinatiwa ndani ya kofia, zinatikiswa, kisha watu wanaangalia zimelala upande gani. Kwa hivyo mwanzoni hustle ilikuwa kitu ambacho sarafu inafanyiwa. Sarafu haijitikisi. Inatikiswa na mkono wa mtu mwingine.

Karne ya 18 neno likahamia kwa watu. Ku-hustle mtu kukawa ni kumsukuma na kumbana kwa fujo. Kufikia mwanzo wa karne ya 19, "hustler" alikuwa mwizi. Fikiria stage ya matatu saa kumi na mbili jioni: mmoja anakusukuma, mwingine anakubana, ukisimama vizuri simu imeenda. Huyo ndiye aliyekuwa hustler wa kwanza. Mzazi wa London wakati huo hangefurahi kusikia mwanawe anaitwa hivyo.

Neno lilikuja kung'arishwa Marekani, mwishoni mwa karne hiyo. Biashara ilikuwa inakua kwa kasi, na mtu mwenye nguvu ya kusukuma bidhaa zake hadi zinunuliwe akaanza kusifiwa. Hustler akawa mchapakazi. Hata hivyo, ile harufu ya ujanja haikuisha. Kwenye filamu ya "The Hustler" ya mwaka 1961, Paul Newman anaigiza mcheza pool stadi anayewala watu pesa zao. Na kwa Wamarekani Weusi, ambao walifungiwa milango ya kazi nzuri kwa vizazi, neno likabeba pande zote mbili: kazi halali ya pembeni, na njia nyingine yoyote ya kupata mkate. Muziki wa hip hop ukalichukua hapo na kulisambaza dunia nzima. Rick Ross alipotoa "Hustlin'" mwaka 2006, vijana wa Nairobi hawakuhitaji mkalimani.

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu hapa kazi yenyewe ilikuwepo kabla ya neno. Tulikuwa na majina yetu.

La kwanza ni kibarua. Kibarua ni barua ndogo. Katika miji ya pwani kama Zanzibar na Mombasa, mfanyakazi wa kutwa alipewa cheti cha kuonyesha kazi yake ya siku hiyo, na baadaye jina la karatasi likawa jina la mtu. Karne ya 19, wengi wa vibarua hao walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana zao, na sehemu ya mshahara ilienda kwa bwana. Ni historia chungu, lakini angalia neno linavyosema ukweli: kuna karatasi, kwa hivyo kuna mtu aliyeitoa. Kibarua anajua nani anamdai.

La pili ni jua kali. Mwaka 1972, Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu ajira nchini Kenya, na ripoti hiyo ndiyo iliyofanya maneno "sekta isiyo rasmi" yajulikane duniani. Ilisema shida kubwa ya Kenya si watu kukaa bure. Wengi wanafanya kazi, tena kwa bidii, na bado hawapati cha kutosha. Ikaikosoa serikali kwa kuwahangaisha watu hao badala ya kuwasaidia. Ni zaidi ya miaka 50 sasa, na mama mboga bado anakunja gunia akiona kanjo. Hata hivyo, jua kali nalo linasema ukweli: linakuonyesha mahali unapofanyia kazi, nje, bila paa.

Kisha likaja hasla. William Ruto alilibeba kwenye kampeni, mahasla dhidi ya wana wa familia kubwa za siasa, wilbaro ikawa alama ya chama, na mwaka 2022 akaingia Ikulu. Usikatae kwamba lilifanya kazi. Mtu wa mkokoteni alisikia anatajwa kwa heshima, na heshima si kitu kidogo. Lakini neno hili halisemi lolote kuhusu karatasi wala jua. Linakutaja wewe tu. Ukifaulu, ni bidii yako. Ukikwama, hujahasla vya kutosha.

Na jibu lililotoka linafuata hesabu hiyohiyo. Tarehe 30 Novemba 2022 ilizinduliwa Hustler Fund, mikopo ya kuanzia shilingi 500 hadi 50,000, riba asilimia 8 kwa mwaka. Wako waliosaidika, sikatai. Lakini mkopo ni dawa ya mtu aliyekosa mtaji. Kuna mteja mmoja nilimfanyia video tatu na akanyamaza kimya. Mimi sikukosa mtaji, nilikosa kulipwa. Dereva wa teksi ya simu naye anaambiwa ni "mshirika", huku nauli, makato na hata kufungiwa akaunti vikiamuliwa na mtu ambaye hatawahi kumuona.

Hapa ndipo naona hatari. Januari 1947, maelfu ya wafanyakazi wa Mombasa, wakiwemo vibarua wa bandarini, waligoma na mji ukasimama. Waliunda African Workers' Federation, wakaongozwa na Chege Kibachia, ambaye serikali ya mkoloni ilimkamata mwaka huohuo. Hawa hawakuwa na kandarasi nzuri wala akiba. Walichokuwa nacho ni jina lililowakumbusha kwamba kuna anayewaajiri, kwa hivyo kuna wa kudaiwa. Sasa wewe niambie, hasla anagoma dhidi ya nani? Anajigomea mwenyewe?

Sisemi tuache kulitumia. Ni tamu, na limeshaota mizizi. Nasema tusiliache litufungie swali. Mtu akikwambia yuko kwa hustle, muulize la pili: unamfanyia nani, anakulipa lini, na asipokulipa unaenda wapi? Jiulize hata wewe. Sarafu ndani ya kofia inaweza kudhani inacheza yenyewe, lakini kuna mkono umeshika hiyo kofia.