Dubu, Mahema na Bomba la Maji Taka

Rafiki yangu mmoja aliyeko Marekani alinitumia picha za safari yake ya Yellowstone. Nilitegemea kuona dubu, au ule mvuke unaoruka kutoka ardhini. Picha ya kwanza ilikuwa ya bomba. Bomba nene la plastiki limetoka tumboni mwa gari kubwa kama basi la mkoani, limeingia kwenye tundu ardhini, na pembeni yake kuna waya wa umeme na mpira wa maji. Akaniandikia kwamba katika hifadhi nzima hapo ndipo mahali pekee ambapo gari la kulala, wao huyaita RV, linaweza kuunganishwa na vyote vitatu: umeme, maji safi na maji taka. Nikacheka. Halafu nikajiuliza, kwa nini pekee? Hifadhi ina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 9,000 bwana!

Pale panaitwa Fishing Bridge, mto Yellowstone unapotoka ziwani. Na jibu la swali langu limenila usiku mzima.

Turudi nyuma kwanza. Yellowstone ilitangazwa kuwa hifadhi tarehe 1 Machi 1872, kwa saini ya Rais Ulysses Grant. Haikuwa ardhi tupu. Waliishi humo Watukudika, tawi la Washoshone waliowinda kondoo wa milimani na kujisitiri katika vibanda vya miti iliyosimamishwa na kukutanishwa kileleni. Msimamizi wa hifadhi Philetus Norris, aliyeshika kazi mwaka 1877, alitaka wazungu waje kutembea bila hofu ya "Wahindi", hivyo wenyeji wakasukumwa nje. Sisi tunaoijua Serengeti na mwaka 1959 wa Wamasai hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Wageni wa mwanzo walikuwa wenye fedha, wakizungushwa kwa magari ya farasi na kulala hotelini. Mambo yalibadilika tarehe 1 Agosti 1915, magari ya watu binafsi yaliporuhusiwa rasmi kuingia. Hapo fundi seremala na mwalimu wa shule nao wakaja, turubai juu ya gari, sufuria nyuma. Walipiga kambi popote, chini ya mti wowote.

Miti ikaanza kufa. Aliyeeleza sababu ni Emilio Meinecke, mtaalamu wa magonjwa ya mimea, baada ya kuchunguza misitu ya California. Matairi na nyayo, alisema, vinaushindilia udongo mpaka mizizi inakosa hewa na maji. Mwaka 1932 akaandika pendekezo lake: barabara ya mzunguko inayokwenda upande mmoja tu, kila familia na kijinafasi chake cha kuegesha gari, mawe na magogo ya kumzuia dereva asipotoke. Ukiona leo kambi yoyote ya serikali Marekani, unatazama mchoro wa Meinecke. Waliozijenga nyingi ni vijana wasio na ajira wa Civilian Conservation Corps, chombo alichoanzisha Rais Franklin Roosevelt mwaka 1933. Fikiria JKT, toa bunduki, bakiza sepetu.

Meinecke hakuhesabu trela. Baada ya Vita Kuu ya Pili Mmarekani alikuwa na fedha, likizo na barabara, na akaanza kuvuta nyumba yake nyuma ya gari. (Wengine hawakuridhika na kwao. Mwaka 1959 Wally Byam, mwasisi wa kampuni ya Airstream, aliongoza msafara wa trela zipatazo 40 zinazong'aa kama sufuria mpya, kutoka Cape Town hadi Cairo. Hiyo nayo inahitaji siku yake.) Hifadhi zikafurika. Mwaka 1956 serikali ikaanzisha mpango wa miaka 10 uitwao Mission 66, wa kujenga barabara, vituo vya wageni na kambi. Lakini umeme na mabomba kwa kila trela ni gharama, na wapo walioona kwamba hifadhi si mahali pa kuleta sebule. Kwa hiyo kambi nyingi za serikali zikabaki bila huduma hizo, na viwanja vichache vyenye huduma zote vikaendeshwa na kampuni zenye mkataba. Cha Yellowstone kikawa Fishing Bridge, jirani na kambi kubwa ya kawaida ya mahema.

Sasa dubu.

Ukitaka kuchagua mahali pabaya pa kulaza watu, Fishing Bridge ungeipa namba moja. Trauti hutaga mayai pale na katika vijito vya jirani, na dubu aina ya grizzly hufuata samaki. Kwa miaka mingi dubu hao walizoea pia kula takataka za hoteli kwenye majalala. Majalala ya mwisho yalipofungwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, dubu walioachwa na njaa waliingia kambini, na dubu akiingia kambini mara nyingi anaishia kupigwa risasi au kuhamishwa. Mwaka 1973 kuvua samaki darajani kulipigwa marufuku, jina likabaki bila kazi. Mwaka 1975 grizzly akawekwa kwenye orodha ya viumbe wanaolindwa kisheria.

Idara ya hifadhi ikaja na mpango ulioonekana safi kabisa: jenga kijiji kipya, Grant Village, upande wa pili wa ziwa, kisha ondoa Fishing Bridge. Watetezi wa wanyama walikubali kimoja kwa sababu ya kingine.

Grant Village ikajengwa. Fishing Bridge ikabaki.

Tatizo lilikuwa Cody, mji mdogo ulioko kama kilomita 130 mashariki, unaoishi kwa watalii wanaopita lango la mashariki. Fishing Bridge ndiyo kituo chao. Grant Village iko kwenye barabara ya kusini. Ukihamisha vitanda, umehamisha wateja. Wafanyabiashara wakalia, wanasiasa wa Wyoming wakasikia: Seneta Alan Simpson, mtu wa Cody hasa, na mbunge pekee wa jimbo, bwana mmoja aitwaye Dick Cheney. Ndiyo, huyo huyo. Shirika la National Wildlife Federation likakimbilia mahakamani, na mwaka 1987 likashindwa.

Mwafaka uliopatikana mwishoni mwa miaka ya 1980 ndio ulioninyima usingizi. Kambi ya mahema iondolewe, nafasi 300 na ushee. Uwanja wa RV ubaki. Hoja ilikuwa kwamba dubu hachani ukuta wa bati kama anavyochana turubai, na kiusalama ni kweli tupu. Mpaka leo huruhusiwi kulala pale ndani ya hema, wala kwenye trela yenye kuta za turubai. Lakini dubu aliyekuwa akilindwa alitaka ukingo wa mto, hakuuliza kuta ni za nini. Uwanja wa trela nao umekalia ardhi ile ile. Aliyeondoka ni mgeni wa bei nafuu.

Sisemi kwamba mtu alikaa ofisini akapanga hivyo. Nadhani kila aliyekuwa mezani alipata kitu: Cody ilipata wateja, idara ikapata la kuonyesha, na watetezi wa dubu wakapata nusu. Mwenye hema hakuwa na seneta.

Dubu wenyewe wameongezeka sana tangu 1975, kiasi kwamba mwaka 2017 serikali iliwatoa kwenye orodha. Mwaka 2018 mahakama ikawarudisha. Walioadimika ni trauti. Mwaka 1994 iligundulika kwamba samaki mgeni, mlaji wa wenzake, amepandikizwa ziwani, naye akawamaliza wengi, dubu wakalazimika kutafuta chakula kwingine.

Nilimwandikia rafiki yangu haya yote saa tisa usiku. Akajibu asubuhi kwamba hakuona dubu hata mmoja, ila bomba lilivuja.