Uzi wa Susu

Susu wangu wa Mwala hajawahi kutamka neno "msuguano". Yeye hupaka majivu pajani, anaweka nyuzi mbili za katani, anaziviringisha kwa kiganja kwenda mbele, halafu anarudisha mkono nyuma. Kila uzi umepindwa upande mmoja, kwa hiyo zikikutana zinasokotana upande wa pili na haziachani tena. Hakuna gundi hapo, wala fundo. Paja likiteleza sana, katani haipindi. Likikwaruza sana, ngozi inachubuka. Kazi yote iko katikati.

Na ufundi huu ni mkongwe kuliko mkonge wenyewe. Mkonge ulitoka Amerika. Mjerumani Richard Hindorf aliuleta Tanganyika mwaka 1893, baadaye ukafika kwetu. Kabla ya hapo wanawake wa Ukambani walisuka vyondo kwa nyuzi za magome ya miti, mbuyu ukiwemo. Malighafi ilibadilika, paja likabaki. Shuleni tulifundishwa hii ni "kazi ya mikono", basi, tukafungua ukurasa mwingine.

Nikiwa mwaka wa pili chuoni, lekcha alituonyesha picha za nanotyubu za kaboni, mirija ambayo Sumio Iijima wa Japani aliielezea mwaka 1991. Unene wake ni nanomita chache tu, na unywele wako una kama 80,000. Sasa kitu kama hicho unakishikaje? Kwa udogo huo uzito si shida. Shida ni kunata: ukikigusa, hakitaki kuachia chombo.

Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina waliisukuma mirija hiyo juu ya grafaiti kwa ncha ya hadubini. Mara nyingine iliteleza. Lakini mrija ukilala pale ambapo atomi zake zinaingiana na za grafaiti kama meno ya gia, uliviringika. Kama katani pajani.

Halafu mwaka 2004, kundi la Ray Baughman kule Texas likasokota uzi mzima wa mirija hiyo. Mwenzao mmoja, Ken Atkinson, alitoka Australia, na ujuzi wake ulikuwa kusokota sufu. Kumbe ilibidi wamtafute mtu wa uzi! Hawakutia gundi. Msokoto uliibana mirija hadi ikashikana yenyewe kwa msuguano.

Niliinua mkono nikasema susu wangu hufanya hivyo hivyo. Darasa likacheka. Lekcha akasema turudi kwa sayansi.

Semista iliyofuata sikurudi, karo iliisha. Sehemu kubwa ya karo hiyo, by the way, ilikuwa ni vyondo.

Nilipomsimulia Susu habari za Texas, hakushangaa hata kidogo. Aliuliza kitu kimoja tu: "Na wao wanapaka nini?"

Nikamwambia hawapaki kitu, wanasokota kavu.

Akaangalia paja lake, akachota majivu. "Kavu?" akasema. "Basi hao hawatumii paja."