Mndimu na Mwasumini Uani: Sura Iliyosahauliwa ya Historia ya Pwani

Historia ya pwani ya Afrika Mashariki imeandikwa kwa muda mrefu kwa kufuata vilivyovuka bahari: pembe za ndovu, dhahabu, karafuu, na watu waliouzwa utumwani. Yaliyobaki nyumbani hayakupewa nafasi kubwa. Hata hivyo, nyuma ya kuta za miji ya pwani kulikuwako kilimo cha aina yake. Mndimu, mlimau au mdanzi ulipandwa karibu na maji, na kando yake mrehani, mwasumini au mkadi. Mhadhara huu unakusudia kuonyesha kwamba kuwekwa pamoja kwa mimea hiyo kuna maana ya kihistoria, na kwamba ua wa nyumba unastahili kusomwa kama inavyosomwa bandari.

Ushahidi wa kwanza umo katika lugha yenyewe. Neno limau linahusiana na maneno ya Kiarabu na Kiajemi ya tunda hilo. Rehani na waridi yana asili ya Kiarabu, asumini ina asili ya Kiajemi, na mlangilangi ulibeba jina lake kutoka visiwa vya Ufilipino. Lakini maneno hayo hayakubaki mageni. Mti uliingizwa katika ngeli ya miti, tunda na ua vikapewa ngeli zao: mlimau na limau, mwaridi na waridi, mlangilangi na langilangi. Sarufi ya Kiswahili iliipokea mimea hiyo kama ardhi ilivyoipokea.

Ushahidi wa pili umo katika maandishi ya wasafiri. Ibn Battuta alipopita pwani mwaka 1331, alianzia Mogadishu, katika Benadiri, kabla ya kuteremka kusini. Huko aliandaliwa wali wa samli pamoja na vitoweo, na miongoni mwa vikolezo vyake mlikuwamo achari ya malimau. Alipofika kwenye jumba la sultani wa mji alinyunyiziwa marashi ya mawaridi yaliyotoka Dameski. Achari na marashi, basi, vilikuwa sehemu ya adabu moja ya kumpokea mgeni. Alipofika Mombasa alieleza kwamba watu wa kisiwa hicho hawakulima nafaka, bali waliiagiza kutoka bara. Ila miti ya ndizi na malimau ilikuwako. Kisiwa kilichotegemea wengine kwa chakula chake kikuu kilijitosheleza kwa matunda yake.

Mwaka 1498 meli za Vasco da Gama zilitia nanga nje ya Mombasa, zikiwa na mabaharia walioteswa na kiseyeye. Mtawala wa mji aliwapelekea kondoo, machungwa na malimau mengi, na miwa. Kitabu cha kumbukumbu za safari hiyo kinaeleza kwamba wagonjwa walipona hapo, na kinatoa sababu: hewa nzuri ya mahali. Wageni walikula tunda, wakaisifu hewa. Ilipita miaka karibu 250 kabla ya daktari James Lind kufanya jaribio lake la mwaka 1747, lililoonyesha nguvu ya machungwa na malimau dhidi ya maradhi hayo. Mfano huo unaonyesha jinsi mazao ya nyumbani yanavyoweza kutajwa katika maandishi bila kuonekana.

Ushahidi wa tatu ni utaratibu wa ua wenyewe. Mizizi ya mndimu hukaa karibu na uso wa ardhi. Huhitaji maji ya mara kwa mara, lakini haistahimili maji yaliyotuama. Kando ya kisima, penye kumwagikiwa lakini pasipo kinamasi, palikuwa mahali pake. Mrehani haudumu sana, hivyo hupandwa tena na tena kwa mbegu. Ukikatwa vichwa huchelewa kutoa maua, na ukiachwa uchanue huvuta nyuki, ambao huzuru maua ya mndimu pia. Vitumba vya asumini huchumwa jioni, vikafunguka usiku vikiwa vimeshatungwa. Mkadi, wenye majani ya miiba, hufaa pembezoni.

Ndimu iliondoa shombo ya samaki jikoni; asumini, rehani na mkadi vilifungwa pamoja kuwa kikuba cha kuvaliwa na mwanamke. La kwanza liliondoa harufu mbaya, la pili lilileta njema. Kwa hiyo ua uliendesha elimu moja, yaani usimamizi wa harufu katika mji wenye joto na nyumba zilizosongamana. Elimu hiyo ilikuwa zaidi mikononi mwa wanawake. Na isisahauliwe kwamba, katika nyumba za matajiri, aliyeteka maji ya kumwagilia mara nyingi alikuwa mtumwa.

Katika karne ya 19 karafuu ilitawala hesabu za Unguja. Kimbunga cha mwaka 1872 kilipoangusha mikarafuu ya kisiwa, hasara hiyo iliingia katika kumbukumbu za dunia. Ya mindimu ya nyuani ni nani aliyeihesabu? Ni nadra kupata maelezo kama ya Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, ambaye katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886 alieleza michungwa mirefu iliyosimama kando ya hamamu za jumba la Mtoni, ambamo watoto walipanda kujificha.

Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na mji wa kale wa Lamu mwaka 2001. Milango, kuta na baraza zina walinzi wake. Mndimu ukikatwa ili chumba kiongezwe, hakuna daftari linaloandikwa, na pamoja nao hupotea mazoea ya nani achume, lini, na kwa kazi gani. Kiswahili kina neno ua kwa kinachochanua, na neno ua kwa mahali kinapochanulia. Maua na nyua. Wanahistoria wa pwani wamekwisha kuyasoma maua katika mashairi. Wakati umefika wa kuzisoma nyua, wangali hai wanaojua kuzitunza.