Mkono wa Mwalimu na Sauti ya Mtoto

Wazee wetu walinena, Kimya kingi kina mshindo mkuu. Desturi yetu ni kuyatumia maneno haya kwa mtu aliyenyamaza kwa hasira. Walakini leo nataka kuwaeleza wasomaji habari za kimya cha namna nyingine, yaani kimya cha mtoto mwenye usonji asiyesema kabisa.

Mwaka 1943 Daktari Leo Kanner, wa mji wa Baltimore katika Marekani, aliandika habari za watoto 11, wavulana 8 na wasichana 3, wasioelekea watu kama watoto wenzao. Katika hao, 8 walipata kusema, na 3 hawakusema. Si kwamba watoto wa namna hii hawakuwako kabla yake. Walikuwako, nao waliitwa wapumbavu. Mtoto kama huyu mara nyingi humshika mama yake mkono, akaupeleka penye mtungi au penye mlango, kana kwamba mkono ule ni ufunguo tu. Watu hudhani ni utovu wa adabu, kumbe ndio usemi wake wa kwanza.

Basi walimu wakauliza, Je, mtoto asiyeweza kusema kwa ulimi aweza kusema kwa mkono? Zikatokea njia mbili, nazo yafaa tuzipime, maana zafanana kwa nje lakini zapingana kwa ndani.

Njia moja ilianza Australia katika miaka ya 1970, kwa kazi ya Bibi Rosemary Crossley wa Melbourne. Na tangu mwaka 1990 Bwana Douglas Biklen aliieneza Marekani. Msaidizi humtegemeza mtoto mkono, naye mtoto huchapa herufi kwa kidole. Ghafula watoto waliodhaniwa hawajui kitu wakaandika sentensi nzima nzima, na wazazi wakalia kwa furaha.

Lakini mwaka 1993, katika jimbo la New York, watu 12 wenye usonji walijaribiwa pamoja na wasaidizi wao. Kila mmoja alionyeshwa picha, na mara nyingine msaidizi alionyeshwa picha nyingine, pasipo mmoja kuiona ya mwenziwe. Hapo hakuna hata mmoja aliyeandika jina la picha yake mwenyewe. Pengine liliandikwa jina la ile aliyoiona msaidizi. Wasaidizi hawakuwa waongo. Mikono yao ilisukuma bila wao wenyewe kujua. Hata hivyo madhara yalikuwa makubwa, kwa kuwa wazazi kadhaa walishtakiwa maovu kwa maneno yaliyochapwa hivyo, na watoto wakaondolewa nyumbani. Mtoto alikuwa bado kimya, tena sasa mtu mwingine alisema kwa jina lake.

Njia ya pili ilianza mwaka 1985 katika jimbo la Delaware, kwa kazi ya Andy Bondy na Lori Frost. Mwalimu mmoja huketi mbele ya mtoto, ameshika kitu akipendacho, wala hasemi neno. Wa pili huwa nyuma, akauongoza mkono wa mtoto kuokota picha ya kitu kile na kuitia katika kiganja cha yule wa mbele, naye humpa kitu mara moja. Kisha yule wa nyuma hupunguza msaada wake kidogo kidogo, hata mtoto aende peke yake. Baadaye hujifunza kuchagua kati ya picha nyingi, na kuzipanga ziwe sentensi.

Wengine waliogopa kwamba picha zitaua ulimi. Sivyo. Mwaka 2014 watu waliona habari za watoto 61 wa Marekani, wa miaka 5 hata 8, wenye maneno machache mno. Wale waliofundishwa tangu mwanzo kwa chombo kinachotamka maneno walizidi wenzao kusema kwa hiari yao.

Ndugu walimu, njia zote mbili zilianza na mkono wa mkubwa juu ya mkono wa mdogo. Tofauti ni hii, kwamba katika moja mkono haukuondoka, na katika nyingine uliwekwa ili uondoke. Basi mtoto wa jirani akikushika mkono akakupeleka penye mtungi, usimfukuze. Mpe maji, na kesho chora mtungi katika kibao, umfundishe kukuletea kibao kile. Siku atakapokileta bila kuongozwa na mtu, ujue umeisikia sauti yake mwenyewe.