Pumzi ya Orwell

Shuleni tulisoma Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere, na hakuna mwalimu aliyetuambia kwamba mwandishi wake aliwahi kupoozeshwa kwa makusudi. Na waliompoozesha ni madaktari wake mwenyewe.

Desemba 1947 George Orwell alilazwa hospitali ya Hairmyres, Uskoti, kifua kikuu kimeshamla pafu la kushoto. Dawa ilikuwa adimu, kwa hiyo tiba ilikuwa kulipumzisha pafu. Walimpasua kidogo shingoni, wakaubana kwa koleo mshipa wa fahamu unaoendesha kiwambo, ule msuli ulio chini ya mapafu. Upande huo ukalala, ukapanda juu, pafu likasinyaa. Kisha wakawa wanamjaza hewa tumboni kwa sindano, ili lisifunguke. Jamani! Mtu anahemea upande mmoja, na kichwani bado ana riwaya.

Mwaka 1948 streptomaisini ikaja kutoka Marekani. Ikamchubua ngozi na kumtoa malengelenge kooni, wakaikatisha. Akarudi kisiwani Jura, akaichapa 1984 kwa mkono wake, mgonjwa vile vile. Alifariki Januari 1950.

Leo madaktari wa upasuaji wanahangaika kukiamsha kile walichokizima wenzao: wanapandikiza kipande cha mshipa, wanakikunja kiwambo kilicholegea na kukishona kikaze, au wanaweka nyaya za umeme, kama alivyofanyiwa mwigizaji Christopher Reeve mwaka 2003.

Mie nikifika pale Winston Smith anapokohoa asubuhi hadi anaishiwa pumzi, siku hizi nafunga kitabu kwanza.