Kusaka Makasha kwa GPS South Coast: Aina 4 Zinazobamba na 4 za Kuruka

Ukiona mtalii pale Diani anazunguka mti mara tatu, simu mkononi, macho kwa skrini, halafu anachungulia nyuma ya jiwe kama mtu amepoteza funguo, usimcheke. Huenda anacheza jiokeshi, na huenda kasha analotafuta limekuwa hapo muda wote ukipita ukienda kununua mahamri.

Mchezo wenyewe ni rahisi. Mtu anaficha kasha mahali, anaweka namba za ramani za hapo mtandaoni, kisha wewe unafuata GPS ya simu mpaka ulifikie. Ndani kuna kidaftari. Unaandika jina na tarehe, unafunga, unarudisha pale pale ulipolipata. Kama kuna vitu vidogo vidogo ndani, ukichukua kimoja unaacha kingine cha thamani hiyo au zaidi. Hakuna doo ya kushinda. Raha yote iko kwa kusaka.

Ilianza hivi. Zamani jeshi la Marekani lilikuwa linaharibu makusudi signo ya GPS ya raia, kwa hivyo ungeweza kupelekwa mita mia moja mbali na unapotaka. Tarehe 2 Mei 2000 wakazima huo mchezo, na ghafla GPS ikawa sahihi. Kesho yake tu, Mei 3, jamaa anaitwa Dave Ulmer akaficha ndoo msituni karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, akaweka vitabu, manati na hata mkebe wa maharagwe, akatangaza namba zake mtandaoni. Ndani ya siku chache watu walikuwa wameipata. Leo kuna makasha zaidi ya milioni 3 duniani, na programu kubwa ya kuyasaka inaitwa Geocaching.

Kenya makasha bado ni machache ukilinganisha na Ulaya, kwa hivyo usitarajie kupata moja kila kona ya Ukunda. Lakini hiyo ni nafasi pia, kwa sababu wewe ndiye unaweza kuficha yanayokuja. Ndio maana lazima ujue aina. Kuna kasha litakufanya uijue Kwale vizuri kuliko waliozaliwa hapa, na kuna kasha litakuletea ngori. Mbaya zaidi, kuna lile litamletea ngori mzee wa watu ambaye hata hajui mchezo huu uko.

Kwanza, soma nyota

Kila kasha lina namba mbili, kuanzia 1 hadi 5. Ya kwanza ni ugumu wa kulipata, ya pili ni ugumu wa njia. Njia ya nyota 1 hata mtu wa kiti cha magurudumu anafika. Nyota 5 inamaanisha unahitaji kitu spesheli, kama kamba ya kupanda mwamba au mashua. Kwa mfano kasha lolote la Wasini ni la mashua, hata kama limewekwa wazi kabisa.

ZINAZOBAMBA

1. Kasha la ardhi

Hili ndilo namba moja yangu, na halina kasha. EarthCache zilianza mwaka 2004 kwa ushirikiano na chama cha wanajiolojia cha Marekani. Unaenda mahali, unaangalia mwamba, maji au udongo, unajibu maswali, unamtumia mwenye kasha majibu. Hakuna kitu kimefichwa, kwa hivyo hakuna kitu kitaibiwa na tumbili, kulowa mvua ya Mei au kutupwa na mtu wa usafi.

Na Pwani ya kusini imejengwa kwa ajili ya hii aina. Ile miamba mikali ya kijivu unayoiona ufuoni ni matumbawe yaliyokuwa hai chini ya bahari zaidi ya miaka laki moja iliyopita, wakati bahari ilikuwa juu kuliko leo. Tiwi kuna lile dimbwi kwenye mwamba lenye umbo la ramani ya Afrika, na linaonekana vizuri maji yakipwa. Wasini kuna bustani ya matumbawe nchi kavu, na akina mama wa kisiwa ndio wanaisimamia, na daraja lake la mbao. Swali zuri la kasha la ardhi ni kama hili: angalia alama ya maji kwa jiwe, maji ya bamvua hufika wapi? Ukijibu hilo umejua kitu.

Tahadhari moja: soma maji kabla ya kutoka. Huku tofauti ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua, yaani karibu na mwezi mpevu na mwezi mwandamo, inapita mita 3. Mahali ulipopita kwa miguu saa nne asubuhi panaweza kuwa shingoni mchana. Uliza mvuvi. Yeye hahitaji programu.

2. Kasha la hatua

Hapa namba za kwanza hazikupeleki kwa kasha. Zinakupeleka mahali fulani, unasoma kibao au unahesabu kitu, jibu linakupa namba za mahali pa pili, mpaka mwisho. Ni kama kuambiwa hadithi ukitembea.

Fikiria moja inayofuata barabara ya Lunga Lunga. Unatoka Ukunda na matatu, unashuka Gazi, unatembea kwa daraja la mbao la akina mama kati ya mikoko. Hapo unajifunza kuhusu Mikoko Pamoja, mradi unaolinda hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ya ukaa tangu 2013, pesa zikirudi kwa maji na shule za kijiji. Kutoka hapo unapita Msambweni, unaishia Shimoni, kijiji kilichopewa jina na mapango yake, ambayo yanakumbukwa kama mahali watumwa walifungiwa kabla ya kuvushwa baharini. Kufika kila mahali unalipa kiingilio kidogo, unaongea na mwenyeji. Mwisho wa siku umepata kasha moja tu, lakini umelipia watu watatu chakula cha jioni.

Ndugu yake ni kasha la fumbo, ambapo lazima utegue kitendawili ukiwa nyumbani ndio upate namba. Liko sawa. Shida ni kwamba mafumbo mengi mtandaoni ni hesabu za kompyuta. Pwani yenye vitendawili vyote hivi, mtu anakupa hesabu za nini?

3. Kasha kubwa la kawaida lenye mwenyewe

Hili ni lile la Dave Ulmer: chombo kizuri, kinafunga vizuri, kina daftari kavu na kalamu. Ujanja uko kwa maneno mawili ya mwisho, "lenye mwenyewe". Mwenye kasha yuko karibu, analitembelea, anabadilisha daftari likilowa, na aliomba ruhusa kwa mwenye shamba. Bora zaidi ni lile lililowekwa ndani ya uwanja wa hoteli, kituo cha wageni au duka ambapo wahudumu wanajua liko. Unaingia, unasema hodi, wanakucheka kidogo, unanunua soda, unasaka. Hakuna anayekushuku.

Usiweke chakula ndani, hata peremende. Hiyo ni sheria ya mchezo kila mahali, lakini Diani ina maana yake. Kima na tumbili wa hapa wanafungua mifuko ya watalii kama wamesomea.

4. Siku ya kuokota taka

Hii inaitwa CITO, imekuwa sehemu ya mchezo tangu 2002. Wasakaji wanapatana mahali na saa, wanasafisha, na inahesabiwa kama kasha. Ukishaona bahari inatupa nini ufuoni wakati wa kusi, utaelewa kwa nini iko kwa orodha hii. Pia ndiyo njia rahisi ya kukutana na wasakaji wengine, na kwa siku hiyo moja watu wa mtaa wanaona mchezo una faida gani.

ZA KURUKA

1. Kidude kidogo mahali pasipo na kitu

Kuna makasha madogo kama kofia ya kalamu, yanashika kwa sumaku. Si mabaya kama yanakupeleka mahali pazuri. Lakini kuna watu wanayabandika nyuma ya kibao cha maegesho, hesabu ipande tu. Unatoa jasho dakika arobaini, unapata karatasi ya ukubwa wa tiketi ya matatu, mbele yako kuna ukuta na jenereta. Ruka.

2. Kasha linalofanana na bomu

Kopo lililofungwa mkanda mweusi chini ya daraja, ndani ya kalvati, nyuma ya benki, karibu na kituo cha polisi, uwanja wa ndege au feri. Kenya imeumizwa na mashambulizi, na sisi sote tumefunzwa kwamba mzigo usio na mwenyewe unaripotiwa. Kwa hivyo karao akikupata umelala kifudifudi unapapasa chini ya kalvati, usianze kumweleza mambo ya Oregon. Sheria za mchezo zenyewe zinakataza kuficha sehemu kama hizi. Ukiona kasha limewekwa hapo, liripoti kwa programu liondolewe.

3. Kasha la mtalii aliyerudi kwao

Alikuja wiki mbili, akaficha, akapanda ndege. Mvua ya masika ikaja, kidaftari kikawa uji, kopo likapasuka. Hakuna wa kulitengeneza, kwa hivyo sasa ni taka yenye namba za GPS. Mara nyingi utalikuta limefungwa kwa nailoni pia, na hapa mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017. Tangu 5 Juni 2020, plastiki za kutumia mara moja zimekatazwa pia kwa mbuga, misitu na fuo zilizohifadhiwa. Mchezo wenyewe unataka mwenye kasha aweze kulifikia na kulitunza. Ukiona ripoti tano za mwisho zote zinalia "limelowa", usipoteze nauli.

4. Kasha la mbuyuni, pangoni au kayani

Hili naliweka mwisho kwa sababu ndilo zito. Kwa msakaji wa Ulaya, mbuyu wenye shimo ni mahali pazuri pa kuficha. Kwa watu wengi wa Kwale, mbuyu wenye shimo tayari una wenyewe. Kuna mibuyu na mapango ambako watu huenda kuomba, kuacha ubani, kitambaa, sarafu. Hujui ni upi mpaka uambiwe.

Sasa fikiria kijana wa kijiji anapata kopo lako kwa mbuyu ulio nyuma ya boma la mzee fulani. Analifungua. Ndani kuna sarafu, kidoli, na karatasi yenye orodha ya majina ya watu na tarehe. Wewe unaona daftari na zawadi. Yeye anaona majina ya watu yamefungiwa ndani ya mti. Na ataanza kuuliza nani aliyaweka, na jibu la karibu ni yule mzee.

Hii si stori ya kutisha watoto. Kwale na Kilifi, wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na tumekuwa tukiisoma kwa habari miaka na miaka. Mara nyingine ushahidi ni mvi na macho mekundu. Usiwape watu kopo la kuonyesha.

Kaya ni vilevile. Misitu mitakatifu ya kaya za Mijikenda iliingia kwa urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2008, na Kaya Kinondo, karibu na Diani, ni mmoja wao. Mgeni anaingia na mwongozaji, anafunga kaniki kiunoni, na hatoi hata jani. Kama huwezi kutoa jani, huwezi kuacha kopo. Nenda Kinondo kama mgeni, lipa, sikiliza, toka. Na ukiona mtu ameweka kasha ndani ya kaya, au kwa makaburi, usilifungue na usilihamishe kimyakimya. Liripoti, na umwambie mwongozaji.

Ukitaka kuficha lako

Omba ruhusa kwa mwenye mahali, na kama ni kijijini pitia kwa mzee wa kijiji kwanza. Msalimie, kaa, eleza polepole, mwonyeshe kopo likiwa wazi.

Chukua chombo kinachoonyesha ndani, kisha uandike juu yake kwa Kiswahili ni kitu gani, ni cha nani na nambari ya kupiga. Lugha ya Kiingereza pekee haimsaidii mtu aliyelipata kwa bahati.

Usichimbe, usibomoe ukuta wa mawe, usipindue mawe ya ufuoni. Chini yake kuna viumbe, na vingine vina miiba.

Acha mita 161 kati yake na kasha lingine. Hiyo ni sheria ya mchezo.

Kama unaishi Nairobi na unakuja Diani Desemba tu, tafuta mtu wa hapa akutunzie, ama utengeneze kasha la ardhi. Halina kopo, halina karatasi, na halimwachii mtu yeyote kesi.