Kobe wa maji na samaki wadogo: Ujirani unaohitaji nafasi

USIKU usio na mbalamwezi, wavuvi wa Sori na Muhuru Bay katika Kaunti ya Migori, na wenzao wa Mbita na Rusinga katika Kaunti ya Homa Bay, huwasha taa na kuingia Ziwa Victoria kuwatafuta omena. Samaki hao wadogo, ambao nchini Tanzania huitwa dagaa, huufuata mwanga kwa maelfu na kunaswa kwa pamoja, kwani huishi kwa makundi.

Katika maji hayo, hasa karibu na mafunjo ya ufuoni, huishi pia kobe wa maji ambaye chakula chake ni pamoja na samaki. Wawili hao wameishi katika ziwa moja tangu zamani bila mmoja kummaliza mwenziwe. Swali linalowakabili wafugaji ni iwapo ujirani huo unaweza kudumishwa katika kidimbwi cha nyumbani au tangi la vioo.

Jina la kobe wa maji hutumiwa kwa wanyama zaidi ya mmoja. Yupo Pelomedusa, apendaye madimbwi, mitaro na maji ya msimu. Maji yakikauka, hujifukia matopeni hadi mvua irejee. Yupo pia Pelusios williamsi, ambaye makazi yake ni pamoja na Ziwa Victoria. Tofauti na kobe wa nchi kavu, wote wawili hawarudishi kichwa moja kwa moja ndani ya gamba, bali hukikunja upande chini ya ukingo wake.

Kobe hawa si wala majani. Hula wadudu, konokono, viluwiluwi, vyura, samaki na hata mizoga. Wakiwinda, husogea polepole, kisha hunyoosha shingo ghafla na kufungua kinywa, nayo maji huingia kwa kasi pamoja na windo.

Dhidi ya adui wa namna hiyo, kundi ndilo ngao ya samaki mdogo. Kila samaki huhisi mwendo wa wenzake kwa macho na kwa mstari wa hisia ulio ubavuni. Mmoja akishtuka, kundi zima hugeuka, na adui hukosa wa kumlenga miongoni mwa mamia yanayometameta. Hata hivyo, ngao hiyo hufaa tu penye nafasi ya kukimbilia. Omena ana maji mapana, ilhali kobe hushinda zaidi karibu na ufuo.

Ndani ya tangi mambo hugeuka. Kundi likikimbia hukutana na kioo, likirudi hukutana na kobe. Usiku samaki wanapopumzika, yeye huendelea kuwinda. Huenda mfugaji akaona amani kwa wiki kadhaa na kudhani kobe amewazoea wenzake, kumbe alikuwa ameshiba au angali mdogo. Kikulacho ki nguoni mwako.

Aidha, kuna suala la maji. Kobe hupumua kwa mapafu, hivyo anaweza kustahimili maji machafu kwa muda. Samaki hupumua kwa matamvua, na amonia itokayo kwenye kinyesi cha kobe na mabaki ya nyama huwaua hata kama hawakuguswa. Wafugaji wengi hukadiria lita 40 za maji kwa kila sentimita mbili na nusu za gamba. Kwa hesabu hiyo, kobe wa sentimita 20 anahitaji takriban lita 320, chujio lenye nguvu na mahali pakavu pa kuota jua. Beseni halimfai.

Omena mwenyewe hafai kwa tangi, kwa kuwa ni samaki wa maji mapana na hufa upesi akishikwa. Wanaofuga samaki wa makundi kwa ajili ya urembo hutumia aina nyingine, kama vile neon tetra wa Amerika Kusini. Hao nao ni windo jepesi kwa kobe.

Kwa wakulima, suala hili ni la riziki. Mpango wa serikali wa kufufua uchumi ulioanza mwaka wa 2009 ulilenga kuchimba mabwawa 200 ya samaki katika kila mojawapo ya maeneobunge 140, kila bwawa likiwa na mita 300 za mraba. Kobe anayetembea nchi kavu baada ya mvua huweza kuingia bwawani na kuwala vifaranga vya ngege.

Kumuua si suluhisho. Kobe huyo huyo hula viluwiluwi wanaong'ang'ania chakula na vifaranga, na huondoa mizoga. Njia bora ni kuzungushia bwawa uzio mfupi wa mabati uliozikwa kidogo ardhini, kuvilea vifaranga ndani ya wavu wenye matundu madogo hadi vikue, na kumrejesha kobe anayenaswa kwenye kinamasi kilicho karibu.

Wanaotaka kumfuga hawana budi kukumbuka kuwa Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka wa 2013 iliweka ufugaji wa wanyamapori chini ya kibali, hivyo ni vyema kuwasiliana kwanza na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Isitoshe, kobe hubeba bakteria wa salmonela bila kuonyesha dalili. Kwa sababu hiyo, Marekani ilipiga marufuku mwaka wa 1975 uuzaji wa kobe wenye gamba lisilofikia sentimita 10 hivi. Watoto wanaomshika wanapaswa kunawa mikono kwa sabuni.

Anayewapenda wote wawili basi na awape makao mawili. Ziwa huwaweka pamoja kwa sababu lina nafasi ya kuwatenganisha, na nafasi hiyo haipatikani ndani ya tangi.